Nani Alisema Sasa Ni Wakati wa Kukata? Historia ya Kubalki Ambayo Jimu Haikwambii

Kila jimu ya mtaa ina wasee wawili. Wa kwanza yuko kwa balki tangu mwaka juzi. Chapo tano, mayai sita, maziwa lita mbili, na ukimuuliza kuhusu hiyo tumbo anakujibu, "Wacha bana, niko kwa balki." Wa pili ana kilo 56, mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara, na ameacha ugali juu anataka siksipaki kabla ya Desemba.

Wote wawili wamekwama kwa swali moja: ni lini mtu anafaa kuacha kuongeza na kuanza kupunguza?

Kwa wale wageni, kubalki ni kula zaidi ya kile mwili unachoma huku ukipiga chuma, ili misuli ijae. Kukata ni kinyume chake: unakula pungufu kidogo, mafuta yatoke, misuli ibaki. Watu huzungusha hizi mbili kama msimu wa mvua na kiangazi. Na kwa mitandao jibu la lini ubadilishe huwa ni namba tu. "Balki hadi mafuta yafike asilimia 15, kata hadi 10, rudia."

Sawa, lakini hiyo sheria ilitoka wapi? Mimi niliacha chuo, kwa hivyo siji hapa nimevaa joho. Nakuja na historia, na historia ya hii kitu inaonyesha jambo moja: kila wakati watu walipobadilisha jibu la "lini", kulikuwa na mtu mwenye jukwaa, bidhaa au dawa nyuma yake. Ukijua hilo, kuamua kunakuwa rahisi.

Wakati tumbo halikuwa shida

Rudi hadi miaka ya 1890. Mtu mwenye nguvu alikuwa mtu mkubwa, basi. Louis Cyr wa Kanada, mmoja wa watu wenye nguvu zaidi waliowahi kuandikwa, alikuwa na zaidi ya kilo 130 na tumbo la ukweli. Hakuna mtu alimuuliza atakata lini. Watu walilipa kumwona akiinua uzito ambao farasi angeulalamikia. Alifariki 1912 akiwa na miaka 49, figo zikiwa zimeharibika.

Wakati huohuo kulikuwa na Eugen Sandow. Jina la kuzaliwa ni Friedrich Wilhelm Müller, mtoto wa Königsberg, Prussia, 1867. Sandow naye aliinua vitu vizito, lakini yeye na promota wake Florenz Ziegfeld waliona kitu huko Chicago 1893: watu wako tayari kulipa kuona mwili wenyewe. Hata kabla ya kuinua chochote. Asimame tu, akunje mkono, ukumbi unapiga kelele.

Tarehe 14 Septemba 1901, Sandow akaandaa shindano kubwa Royal Albert Hall, London. Majaji walikuwa watatu: yeye mwenyewe, mchongaji sanamu Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes. Hawakutafuta tu nani ana mkono mnene. Walitaka mwili uliolingana kutoka juu hadi chini. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham.

Hii huhesabiwa kama shindano kubwa la kwanza la kujenga mwili. Kwangu mimi muhimu ni hiki: kuanzia hapo, mwili ukawa na tarehe. Kuna siku utasimama mbele ya watu. Kama kuna siku, basi kuna kabla ya hiyo siku, na ndani ya hiyo "kabla" ndipo kubalki na kukata kulikuja kuzaliwa.

Enzi ya maziwa

Miaka ya 1930, Marekani. Joseph Curtis Hise, jamaa mmoja mkubwa, aliandikia jarida la Strength akisema ameongeza pauni 29, yaani kama kilo 13, ndani ya mwezi mmoja. Siri yake? Kuchuchumaa na chuma nzito mabegani mara 20 mfululizo, ukivuta pumzi ndefu kila mara, halafu kula na kunywa maziwa mengi. Peary Rader wa Nebraska, ambaye alikuwa mwembamba kwa miaka na hakuna kitu kilimsaidia, akajaribu mfumo huo ukamfanyia kazi. Mwaka wa 1936 akaanzisha jarida lake, Iron Man, na akahubiri hiyo injili kwa miongo.

Sasa sikiza. Hii ushauri ilikuwa ya nani? Ya mtu mwembamba sana ambaye hajawahi kuchuchumaa na chuma maishani. Kwa huyo, chakula kingi na zoezi zito ni muujiza. Lakini ushauri hausafiri na maelezo yake. Kufika miaka ya 1950, "kula kila kitu ukue" ilikuwa ya kila mtu.

Na kuna watu walifurahi sana. Bob Hoffman wa York, Pennsylvania, aliyekuwa anauza vyuma, akaanza kuuza poda ya protini mwanzoni mwa hiyo miaka ya 1950. Joe Weider naye akauza poda za kuongeza uzito. Wote wawili walikuwa wanamiliki majarida. Yaani mtu anayekwambia bado hujakuwa mkubwa ndiye huyohuyo anakuuzia kitu cha kukufanya uwe mkubwa. Unadhani atakwambia acha lini?

Bruce Randall, mtu aliyefika pande zote mbili

Kama kuna mtu mmoja kila msee wa jimu anafaa kumjua, ni huyu. Bruce Randall alikuwa mwanajeshi wa majini wa Marekani. Alitaka nguvu, na akaamua kula hadi azipate. Alikunywa maziwa kwa kiasi ambacho familia nzima ingemaliza kwa wiki, na mayai kwa dazeni. Akafika pauni 401. Hiyo ni karibu kilo 182.

Nguvu alipata, hakuna kupinga. Lakini mwili wa kilo 182 ni kazi kuubeba hata ukiwa umelala. Mwaka wa 1955 akageuza gari. Akapunguza chakula, akaongeza kukimbia na mazoezi ya marudio mengi, na chini ya mwaka mmoja akashuka hadi pauni 183, kama kilo 83. Alitoa takriban kilo 99. Alitoa mtu mzima mwenzake.

Watu hupenda kusimulia hadi hapo tu. Mimi napenda sehemu inayofuata. Akiwa kilo 83, Randall hakuwa bingwa wa kitu chochote. Ilibidi ajenge tena, polepole safari hii. Mwaka wa 1959 alishinda Mr. Universe ya wataalamu London akiwa na takriban pauni 222, karibu kilo 101.

Angalia hizo namba tena: 182, 83, 101. Mwili uliomshindia ulikuwa kati ya hizo mbili, na karibu zaidi na mwili wake wa kukata kuliko wa balki. Kilo zaidi ya 80 alizobeba juu ya hapo zilikuwa mzigo tu. Alizinunua, akazibeba, halafu akazilipia tena akizitoa.

Miami, 1968

Septemba 1968, kijana wa Austria mwenye miaka 21 anatua Miami. Ametoka tu kushinda Mr. Universe ya NABBA London. Anaitwa Arnold Schwarzenegger. Uzito karibu pauni 250, kilo 113, mkubwa kuliko kila mtu. Anaingia Mr. Universe ya IFBB akijua imeisha.

Akapigwa na Frank Zane. Zane alikuwa mwepesi kuliko yeye kwa zaidi ya kilo 20. Lakini Zane alikuwa amekata. Kila msuli ulikuwa na mstari wake. Arnold alionekana laini, kama mandazi imeumuka vizuri lakini haijakauka.

Arnold hakurudi nyumbani. Weider alimleta California, akajifunza kukata, na kuanzia 1970 akashinda Mr. Olympia mara sita mfululizo, ya sita ikiwa Pretoria, Afrika Kusini, 1975. Zane naye akaja kuichukua 1977, 1978 na 1979. Baada ya hapo hakuna mtu angepanda jukwaa kubwa bila kukata. Swali la "lini" likapata jibu rahisi: hesabu wiki kurudi nyuma kutoka siku ya shindano.

Hapo ndipo kalenda ilitoka. Haikutoka kwa daktari. Ilitoka kwa ratiba ya mashindano. Watu wa kawaida wa Ulaya na Marekani wakaikopa wakaiweka juu ya misimu yao: baridi ikija unavaa koti zito, hakuna anayeona tumbo, unabalki, jua likirudi ni bichi, unakata. Sisi tukaikopa kutoka kwao. Lakini Mombasa koti la kuficha balki utalivaa lini? Na Nairobi baridi yenyewe ni Julai tu, wakati wao wako bichi. Tunafuata saa ya ukuta wa mtu mwingine.

Kitu ambacho hakiandikwi kwa pakiti

Mwaka wa 1958 kampuni ya Ciba ilileta sokoni Dianabol, steroidi ya kumeza. Daktari John Ziegler, aliyefanya kazi na wainua vyuma wa York, alikuwa kati ya watu waliozipeleka kwa wanamichezo. Kutoka hapo hesabu yote ikabadilika. Steroidi zinasaidia mtu kushikilia misuli hata akila kidogo sana, na kujenga haraka akila sana.

Dorian Yates wa Birmingham alishinda Mr. Olympia mara sita, 1992 hadi 1997. Nje ya msimu alikaribia pauni 300, kilo 136. Jukwaani 1993 alikuwa 257, karibu kilo 117. Hiyo ni tofauti ya karibu kilo 20 na bado misuli ipo. Yates amesema wazi kwamba alitumia steroidi. Arnold pia amekubali alizitumia enzi zake. Siwahukumu. Ninachosema ni kwamba ukichukua ratiba yao ya balki kubwa na kukata kwa ghafla, na wewe huna kile walichokuwa nacho kwa damu, utapata nusu moja tu ya matokeo: ile ya mafuta.

Na hapa ndipo moyo unaniuma. Kuna vijana wa miaka 17 wanaona hiyo tofauti kwa klipu, wanaona miili yao haifanyi hivyo, wanadhani wao ndio wameharibika. Halafu mtu anawatumia ujumbe, "Niko na kitu." Hapana. Mwili wako unafanya kazi sawasawa. Umepewa tu ratiba isiyo yako.

Sayansi ilisema nini

Novemba 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota. Vita ya Pili bado inaendelea, na mtafiti Ancel Keys anataka kujua jinsi ya kuwasaidia watu waliokaa na njaa. Wanaume 36 waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamira wanajitolea. Kwa miezi 6 wanalishwa takriban kalori 1,600 kwa siku, huku wakitembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Nguvu ziliisha, walisikia baridi wakati wengine hawaisikii, hasira ikawa karibu. Walianza kuota chakula. Wengine walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Hata walipopewa chakula tena, baadhi walikula bila kusikia wameshiba.

Sasa fikiria yule msee wa kilo 56 na mpango aliotoa kwa intaneti wa kalori 1,500. Hao wanaume walikuwa na madaktari wakiwaangalia kila siku. Yeye ana nani?

Miaka mingi baadaye, 2011, Ina Garthe na wenzake Norway waligawa wanamichezo 24 mara mbili. Kundi moja lilipunguza asilimia 0.7 ya uzito kwa wiki, lingine 1.4, wote wakibeba chuma. Wale wa polepole waliongeza misuli kidogo huku mafuta yakitoka. Wale wa haraka hawakuongeza. Mwaka wa 2013 wakapima upande wa pili: kundi moja lilisimamiwa lile zaidi, lingine likala lilivyotaka. Waliokula zaidi mafuta yao yaliongezeka karibu asilimia 15, wenzao karibu asilimia 3. Tofauti ya misuli kati yao? Ndogo hadi huwezi kuitegemea.

Na ile sheria ya 15 na 10? Ina mizizi kwa kazi ya Gilbert Forbes, mtafiti wa Marekani, aliyeonyesha kwamba watu wembamba wakipunguza uzito hupoteza misuli zaidi, na wanene hupoteza mafuta zaidi. Ni kweli na ni muhimu. Lakini Forbes alikuwa analinganisha watu tofauti, na data yake haikuwa ya wasee wanaopiga chuma. Mitandao ndiyo iliigeuza kuwa amri. Zaidi ya hapo, wewe unajuaje uko asilimia 15? Ile mashine ya kusimama kwa jimu inakisia, na ukinywa maji inabadilisha mawazo.

Sasa, lini?

Huna jukwaa. Huna mdhamini. Huna tarehe ya Pretoria. Hiyo ni bahati, juu inamaanisha unaweza kuangalia mwili wako badala ya kalenda. Hivi ndivyo ningeamua.

Kwanza, kama uko mwembamba na hujapiga tizi mwaka mzima, swali la kukata halikuhusu. Hakuna kitu cha kukata. Siksipaki ya mtu wa kilo 56 ni njaa yenye mistari. Na kama bado unakua, hujafika miaka 18, kula vizuri, beba chuma, acha mambo ya kujinyima.

Pili, kama tayari una kitambi kabla hujaanza, usianze na balki. Anza kwa kupunguza polepole. Mwili mgeni kwa chuma unaweza kujenga misuli huku ukitoa mafuta. Hiyo zawadi inakuja mara moja.

Tatu, kama uko kwa balki sasa hivi, nunua tepu ya fundi wa nguo. Kila wiki, asubuhi kabla ya chai, pima kiuno usawa wa kitovu na uandike. Andika pia uzito wa mizani na kilo unazoinua. Watafiti wa huu mchezo hushauri kuongeza asilimia 0.25 hadi 0.5 ya uzito kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 175 hadi 350. Ni kidogo, ndio. Inatosha. Ukipita hapo, shida yako bado si kukata, ni kupunguza sahani kidogo tu.

Chuma ikiendelea kupanda, endelea. Lakini kiuno kikipanda mwezi mzima na chuma imesimama, balki imeisha. Hata kama video ilisema bado miezi mitatu. Vilevile ukianza kuhema kwa ngazi za ghorofa ya pili, au ukipimwa presha uambiwe iko juu, hiyo si balki tena.

Nne, ukikata, toa asilimia 0.5 hadi 1 kwa wiki, si zaidi. Mtu wa kilo 80 anayetaka kutoa kilo 6 anahitaji kati ya wiki 8 na 15. Kwa hivyo kama unataka kuvua shati Diani Desemba, anza Septemba. Anayeanza mwisho wa Novemba atafika bichi amekonda mashavu na kitambi bado kipo. Usitupe ugali, punguza kipande. Usiguse mayai, ndengu, maharagwe, omena na maziwa, juu hivyo ndivyo vinalinda misuli. Na chuma ibaki nzito.

Acha kukata ukifika ulipotaka, au nguvu zikianza kuanguka wiki baada ya wiki. Na ukijipata unawaza chakula kutoka unaamka hadi unalala, unakasirikia kila mtu, unasikia baridi kwa jua, kumbuka wale wanaume 36. Rudi kula kawaida, na ongea na mtu, ikiwezekana wa hospitali.

Kuna sababu moja zaidi ya kuwa mpole na hizi namba, nayo ni doo. Wengi wetu tunabalki na pesa ya kibarua. Kila kilo ya mafuta ya ziada unailipia kwa kibanda ikiingia, halafu unailipia tena na wiki za njaa ikitoka. Randall alifanya hivyo na kilo 80, na alikuwa na maziwa ya kutosha. Wewe uko na mia mbili ya leo. Itumie kwa kitu kitakachobaki mwilini, na Jumapili asubuhi toa tepu upime.